Mbu Ana Muda wa Kubadilika, Kipunji Hana

Ukilalamika kwamba Jiji la Mbeya linazidi kupanda milimani na kumeza mabonde, utajibiwa: "Wanyama watazoea tu. Mbona kunguru wamezoea?" Jibu hilo linanikera kwa sababu lina nusu ya ukweli.

Kunguru wa Mwanjelwa ni mjanja kweli. Anamvizia mama muuza samaki mpaka ainame, anashuka, anachomoa kichwa cha samaki pembezoni mwa beseni, kisha huyoo, juu ya bati. Lakini huo ni ujuzi wa kujifunza. Mageuzi ni jambo jingine: yanarithiwa, na njia yake ni baadhi kufa na wengine kuzaa.

Nebraska, Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 30 mbayuwayu wanaojenga viota chini ya madaraja. Waliogongwa na magari walipungua mwaka hadi mwaka, ingawa ndege wenyewe walizidi kuongezeka. Waliookotwa barabarani walikuwa na mabawa marefu kuliko wenzao. Wenye mabawa mafupi hupaa haraka na kukwepa kirahisi, hivyo ndio waliobaki kuzaa. Kila nikisimama kando ya barabara kuu pale Uyole, malori ya Tunduma yakipita yamefuatana, nawaza ni ndege gani tunaowachuja hapa bila hata kuwatazama.

Taa nazo zinachuja. Mwaka 2016 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya kulea viwavi wa nondo wa aina moja, baadhi kutoka maeneo yenye mwanga mwingi wa usiku na wengine kutoka penye giza, wote katika mazingira yaleyale. Walipokua, wale wa maeneo yenye mwanga walivutwa na taa pungufu kwa karibu asilimia 30. Hawakufundishwa, walizaliwa hivyo.

Sasa tazama nani anafaidika na mchujo huu: ni anayezaa upesi. Mbu hukamilisha kizazi ndani ya wiki chache. Sehemu nyingi za Tanzania mbu wa malaria wameshakuwa sugu kwa dawa ya vyandarua, na viuatilifu vya mashambani vimechangia. Ndiyo maana baadhi ya vyandarua vipya vinatiwa kemikali ya pili.

Upande wa pili yupo kipunji, kima wa misitu ya milimani. Wanyakyusa wa kandokando ya Mlima Rungwe walikuwa na jina lake kabla wanasayansi hawajamwona mwaka 2003. Duniani kote anaishi Rungwe na Kitulo, pamoja na msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, na makadirio yaliyochapishwa 2008 yalikuwa takriban 1,100 tu. Nyani na kima hawazai kama mbu: mtoto mmoja kwa uzazi, na jike huchukua miaka kukomaa. Ukikata msitu wake leo, hakuna vizazi vya kutosha vya kuchuja chochote. Atakwisha.

Kwa hiyo anayeniambia wanyama watazoea, namtaka aseme ni wanyama gani. Mji unatuachia wanaozaa upesi, na wengi wao ni wale tunaohangaika nao usiku kucha.

Tunaweza kuchagua vingine. Barabara ya njia nne inayojengwa kati ya Nsalaga na Ifisi itahitaji taa. Zifunikwe ziangaze chini tu. Kingo za mito ya jijini ziachiwe miti. Na ushoroba wa Bujingijila, unaounganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone ulio upande wa Kitulo, upandwe miti ya asili na kulindwa sasa, kipunji wangali wapo pande zote mbili.