Taka za Karatasi: Tuache Kushangilia Unga, Tuangalie Tope

Kila baada ya muda hutokea habari kwamba watafiti wamegeuza taka za viwanda vya karatasi kuwa betri, plastiki inayooza au nyuzi za kaboni. Picha huwa ileile: unga wa kahawia ndani ya chupa ya kioo. Huzisoma kwa hamu, halafu najiuliza swali la kishamba: unga huo umekaushwa kwa moto wa nani?

Ukiondoa maji kwenye mti, karibu nusu ya kinachobaki ni selulosi, yaani nyuzi zinazotengeneza karatasi. Robo hivi ni lignini, gundi ya asili inayozishikanisha nyuzi hizo; ndiyo ule unga wa kwenye chupa. Kwa njia ya kraft, iliyobuniwa na Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879, vipande vya mbao hupikwa kwa kemikali za sodiamu na salfa mpaka lignini iyeyuke. Nyuzi huenda zake, na nyuma hubaki kimiminika cheusi kinachonuka. Tangu miaka ya 1930 kimiminika hicho kimekuwa kikikolezwa na kuchomwa kwenye boila maalumu: kemikali hurudi kupika tena, mvuke huendesha mashine na kuzalisha umeme.

Kwa hiyo wanaodai kwamba lignini ya kraft inatupwa hawasemi kweli. Inafanya kazi ya kuni. Ukiitoa yote, nishati lazima itoke kwingine, na kama huko kwingine ni makaa ya mawe, hapo tumefanya nini? Mahali ambapo hesabu inakubali ni kiwanda ambacho boila yake imeelemewa. Hapo kuchota sehemu ya lignini kunaipumzisha boila, na kiwanda kinaweza kupika mbao nyingi zaidi.

Hata hivyo biashara yake ni ngumu. Wenye viwanda wana utani wa zamani kwamba lignini inaweza kutengeneza kila kitu isipokuwa pesa. Stora Enso, kampuni kubwa ya karatasi na mbao, walianza kuizalisha kwenye kiwanda chao cha Sunila, Finland, mwaka 2015, na mwaka 2021 wakafungua hapo kiwanda cha majaribio cha kuigeuza kuwa kaboni ya betri. Mwaka 2023 uzalishaji wa Sunila ulifungwa, kwa kuwa mbao zilikuwa zimepanda bei na kiwanda kilikuwa kinapata hasara. Teknolojia haikuwa na kosa. Ila mali inayotokana na taka hutegemea uhai wa kiwanda kinachoitoa taka hiyo, na jambo hili kwenye zile habari za chupa ya kioo halimo.

Vilivyodumu havina mbwembwe. Kampuni ya Borregaard ya Norwei imekuwa ikitengeneza vanilini, ile ladha ya vanila, kutokana na miti ya misprusi kwa miongo mingi. Lignini ya njia ya salfaiti, ambayo ni njia nyingine ya kupika mbao, huchanganywa kwenye zege ili lilainike bila kuongezwa maji. Utomvu wa misonobari nao huelea wenyewe juu ya kimiminika cheusi kama sabuni. Kiwanda lazima kiuengue, la sivyo utomvu huo unakisumbua, na ukishaenguliwa hutoa mafuta ya gundi, wino na rangi. Huko Lappeenranta, Finland, tangu 2015 mafuta hayo yanageuzwa dizeli.

Kinachonikera mimi ni tope. Karatasi kuukuu ikirejelezwa, nyuzi zake hufupika kila mara, na zile fupi mno huondoka na maji pamoja na wino, kaolini (udongo mweupe unaotiwa kwenye karatasi) na chokaa; mchanganyiko huo ndio tope. Kwenye viwanda vya karatasi za chooni vinavyotumia karatasi kuukuu, tope linaweza kufika theluthi ya malighafi iliyoingia. Hata likikamuliwa, mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi bado ni maji. Kulisafirisha mbali ni kulipia lori libebe maji.

Na matumizi yapo! Likichanganywa na udongo wa matofali, nyuzi zake huungua ndani ya tanuri, zikapunguza mafuta yanayohitajika na kuacha vitundu vinavyolifanya tofali kuwa jepesi na lisilopitisha joto upesi. Ukizidisha, tofali linapoteza nguvu, kwa hiyo kipimo ni muhimu. Likichomwa kwenye nyuzijoto kama 700 za Selsiasi, kaolini yake hubadilika na kuweza kushikana na chokaa, hivyo majivu yake huchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Haya yamejulikana muda mrefu.

Kinachokwamisha ni kwamba tope la Jumatatu si la Alhamisi. Karatasi zilizoingia zikibadilika, majivu, unyevu na mabaki ya wino hubadilika pia, na mfyatua matofali hawezi kukisia. Ningekuwa na fungu la fedha za utafiti, ningelipeleka kwenye mashine za kukamua, kwenye maghala ya kuchanganyia na kwenye vipimo vya kila shehena, kisha ningekitafuta kiwanda cha matofali kilicho karibu kabla ya kumtafuta mwenye betri. Halafu ningetaka mkataba wenye kiwango cha unyevu kilichoandikwa, na faini kwa kiwanda cha karatasi kikikivuka.