Lawama si ya mtu mmoja

Makala niliyoisoma kuhusu dawa za kuongeza nguvu inamtwisha Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani, peke yake aibu ya Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, na hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Aliponyang'anywa mataji yake saba ya 1999 hadi 2005, mnamo 2012, hakuna aliyekabidhiwa ushindi huo, kwa kuwa wengi waliosimama naye jukwaani nao walihusishwa na dawa zilizopigwa marufuku, hasa EPO, ambayo huongeza chembe nyekundu za damu ili misuli ipate oksijeni zaidi milimani. Kinachoniudhi (kuliko hata sindano zenyewe) ni jinsi Armstrong alivyomchafulia jina Emma O'Reilly, aliyekuwa mkandaji wa timu yake, kwa sababu mwanamke huyo alifichua mambo ambayo Armstrong mwenyewe alikuja kuyakiri kwenye televisheni Januari 2013.