Siku Niliyomwongoza Bibi Harusi wa Watu

Naomba nianze kwa kujitetea. Mimi udereva nimejifunzia Dodoma, na aliyejifunzia udereva Dodoma hafundishwi mvua. Atafundishiwa wapi? Mvua yetu kwa mwaka haizidi sana milimita 600, tena huja kwa mafungu kama malipo ya kibarua, halafu miezi kibao ni vumbi na upepo. Kwa hiyo mwalimu wangu, ambaye ni shemeji yangu na si chuo chochote, somo la mvua alilimaliza kwa sentensi moja: "Ikikukuta njiani washa hazadi, nenda taratibu, Mungu yupo."

La hazadi nililishika lote. La taratibu nililishika nusu.

Na ieleweke kwamba kwetu hazadi, zile taa za dharura za kukonyeza, si taa, ni kibali. Unataka kuegesha mbele ya geti la watu ukanunue vocha? Washa hazadi. Mwenye geti akitoka anakuta gari linakonyeza, anajua huyu ana udhuru. Umefika makutano na unaenda moja kwa moja? Hazadi. Umepishwa unataka kushukuru? Hazadi. Harusi hazadi, msiba hazadi, kipaimara hazadi. Siku moja nilimkuta jamaa kasimamisha gari katikati ya barabara anachagua mahindi ya kuchoma, anabonyezabonyeza lipi limeiva, hazadi zinawaka, na sisi tunampita kwa adabu zote kama tunapita kanisani.

Sasa Jumamosi moja ya Januari nilikuwa nakwenda ukweni. Mke wangu alitangulia tangu Jumatano kumsaidia mama yake palizi. Kijiji chenyewe kiko ukishapita Chamwino, kabla hujafika Mbande. Unaacha lami kwenye mbuyu mkubwa, unakata kushoto, unavuka korongo, unaingia ndani kama kilomita mbili. Nilibeba sukari, mchele na mafuta ya kula, maana mkwe haendi mikono mitupu. Gari ni IST nyeupe, ya kwangu, nimeimalizia deni mwenyewe.

Ihumwa nimepita jua linawaka. Kufika Buigiri, mbele naona ukuta. Si wingu, ukuta: mweusi chini, wa kijivu juu, na mbuzi wote wa kando ya barabara wanaukimbia wakija upande wangu. Mbuzi wa Ugogo anajua mambo, ningemfuata. Lakini mimi nina sukari ya ukweni, nikaingia.

Ndipo nilipokumbuka waipa. Mipira yake ilikuwa haijaguswa na maji tangu Aprili, jua limeikausha hadi imekuwa kama ngozi ya ngoma. Ya upande wa abiria ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, na abiria sina. Ya upande wangu ilikatika mpira katikati, kwa hiyo ilifuta juu, ikafuta chini, na pale pale penye macho yangu ikawa inaruka na kulia kwii, kwii. Nikawa naendesha nimeinama kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Kwa ndani kioo nacho kikashika ukungu. Kiyoyozi nilikizima kwa sababu kinakula mafuta, hivyo nilikuwa nafuta kwa mkono wa shati.

Nikawasha hazadi. Nikasikia amani ya ajabu.

Amani ilidumu kama dakika tatu. Nikasikia honi nyuma, zile za semi, zinazoanzia tumboni mwa dereva. Kumbe yule bwana kwa mbali ameona taa mbili zinakonyeza, akajua ni gari bovu limeegeshwa pembeni, amekuja na mwendo wake, na kufika karibu akakuta gari bovu linatembea, tena katikati ya njia yake. Alinikwepa kwa kupenya, trela likapita pembeni yangu refu kama ibada, maji yakanimwagikia gari zima. Utingo alishusha kioo, kwenye mvua ile, ili tu aniulize: "Wewe! Umekufa au unaenda?"

Sikumjibu. Hazadi zilikuwa zinamjibu.

Mbele kidogo gari jeupe likanipita kwa kasi, nalo limewasha hazadi, likayeyuka kwenye mvua. Sikulitilia maanani. Ila baada ya hapo nikatazama kioo cha nyuma nikaona taa zinakonyeza. Nyuma yake nyingine. Nyuma yake tena. Moyo wangu ukapoa. Nikasema hawa ndio madereva waelewa. Nikipunguza wanapunguza, nikiongeza wanaongeza. Sijawahi kuongoza hata kamati ya choo ya mtaa, leo naongoza watu watatu kwenye mvua na hakuna anayebisha.

Mbuyu nikauona. Nikapiga indiketa ya kushoto kwa ustaarabu kabisa, mapema, kama inavyotakiwa. Mlio ukaendelea tiki-taka, tiki-taka, vile vile ulivyokuwa. Nikashuka kwenye vumbi, ambalo sasa lilikuwa uji. Korongo lilikuwa na maji ya kifundoni tu, nikavuka. Nikatazama kioo: taa zile zinavuka.

Hapo nikaanza kujiuliza. Kijiji kile gari likiingia watoto wanalikimbilia. Magari manne kwa mkupuo yalionekana mara ya mwisho wakati wa kampeni. Nikafikiria majambazi. Halafu nikasema majambazi gani wanawasha hazadi? Hata hivyo nikakanyaga mafuta. Nao wakakanyaga. Nikakata kwenye zizi la jirani, nao wakakata. Nikaingia uwanjani kwa mama mkwe mbio mbio nikafunga breki mbele ya banda la kuku, nao wakaingia mmoja baada ya mwingine wakajipanga nyuma yangu vizuri, kwa nidhamu.

La kwanza lilikuwa gari jeupe lenye utepe wa dhahabu na maua kwenye boneti. La pili Noah imejaa akina mama wa sare. La tatu pikapu iliyofunikwa turubai.

Nilishuka na mwavuli kwenda kuuliza. Kabla sijafungua mdomo, mlango wa nyuma wa lile la utepe ukafunguliwa na mpambe akatoa kichwa: "Kaka, asante, lete mwavuli, asilowe!" Na mimi nimelelewa. Nikapeleka mwavuli. Mkono wenye glavu nyeupe ukaushika mkono wangu, na kutoka mle ndani akateremka bibi harusi mzima, shela mpaka chini.

Wale wa kwenye pikapu, wamefunikwa turubai hawaoni mbele wala nyuma, waliposikia mlango tu wakajua kazi imeanza. Turubai likafunuliwa. Matarumbeta yakalia.

Sasa naomba uitazame picha hii kutokea kwenye baraza. Mke wangu ametoka shambani, gauni limelowa, jembe begani, tope magotini. Amesimama na mama yake. Anamwona mumewe, aliyemwacha mjini siku tatu tu, anakuja katikati ya mvua amemshikia mwavuli mwanamke wa shela, nyuma kuna tarumbeta. Bibi mmoja jirani, ambaye macho yake hayaoni mbali lakini mdomo mzima, akapiga kigelegele kikafika hadi ng'ambo ya korongo: "Mkwe kaongeza!"

Mke wangu akateremsha jembe polepole. Akasema, "Hongera, baba watoto. Huyu atalala chumba gani?"

Nilitaka kusema maneno mengi. Nilichosema ni, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akaitikia mama mkwe, hana haraka. Akamtazama bibi harusi, akatazama mpambe, akatazama akina mama wa sare wanaoteremka Noah wakiulizana kanisa liko wapi. "Mbukwenyi," akawasalimu kwa Kigogo. "Ingieni kwanza ndani. Mengine tutaulizana mkiwa wakavu."

Ukweli ukajulikana kidogo kidogo, huku kila mtu anasema. Bibi harusi alipambwa saluni mjini, ndoa ni Kibaigwa saa nane. Gari la mbele la msafara ndilo lile lililonipita, la mpiga video. Mvua ilipozidi wao wakaona gari jeupe, hazadi zinawaka, mwendo wa taratibu. Wakasema huyu ndiye kiongozi wetu, amepunguza atusubiri. Niliposhuka kwenye lami dereva wao akasema ni mchepuko, barabara inatengenezwa. Nilipokimbia akasema, "Mnaona? Tumechelewa."

"Tugeuze," akasema mpambe. Kijana mmoja wa pale nyumbani akacheka. Alikuwa ametoka kutazama korongo. Makorongo yetu ndivyo yalivyo: mchanga mkavu mwaka mzima, mvua ikipiga vilimani yanashusha maji saa ile ile, na kwa kawaida hayakai sana. Ila yakiwepo, yapo. Sasa maji yalikuwa ya kiunoni na yanabeba magogo.

Simu ya bwana harusi ikaingia. Bibi harusi akaiweka sauti ya nje kwa sababu glavu zimelowa.

"Uko wapi, mpenzi? Mchungaji ameshafika."

"Niko kwa mama mkwe."

Kimya. "Mama yangu yuko hapa kanisani."

"Si wako. Wa mwenye IST."

Kimya kingine, kirefu zaidi. Hapo mjomba wa bibi harusi akaichukua simu.

Mjomba huyo ndiye ninayetaka kumwelezea. Mzee wa miraba minne, amestaafu kuendesha semi, barabara ya kati kwenda Rwanda anaijua tuta kwa tuta. Alikuwa kwenye Noah kiti cha nyuma kabisa, amebanwa na makapu, hakuulizwa chochote njia nzima. Alipomaliza kumtuliza bwana harusi akanigeukia.

"Kijana, kwenye mbuyu ulipiga indiketa?"

"Nilipiga, mzee. Mapema kabisa."

"Twende tukaione."

Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Akaniweka kwenye gari langu, akapanga watu wote nyuma yake: watoto, wapambe, wapiga tarumbeta, mke wangu, bibi harusi ameshika shela mkononi. "Washa hazadi. Sasa piga indiketa moja, unayotaka wewe. Haya jamani, anakwenda wapi?"

"Kulia!" wakasema watoto. "Kushoto!" wakasema akina mama wa sare. Bibi harusi akapiga kura ya kulia. Mwenye tarumbeta kubwa akauliza, "Kwani amepiga?"

Mama mkwe akatazama sana, mikono nyuma. "Huyu anakwenda pande zote," akasema.

Nilikuwa nimepiga kushoto. Nikaambiwa nizime hazadi, nirudie. Uwanja mzima ukaitika kwa pamoja, "Kushotooo!" na tarumbeta likasindikiza.

"Umeona?" mzee akainama dirishani. "Gari kama hili hazadi ikiwaka, indiketa imekufa. Hata ukikanyaga breki, wa nyuma macho yameshachoka na makonyezo yako, anaiona imechelewa. Kwenye mvua washa taa za mbele, mwanga wa chini, na zile nyekundu za nyuma zitawaka zenyewe. Fulu usipige, inagonga matone inakurudia machoni. Washa kiyoyozi, kinakausha kioo, acha ubahili. Ukiona huoni, toka nje ya lami kabisa, simama, hapo ndipo uwashe hazadi, maana sasa kweli umesimama."

Nikamwuliza, kwa heshima, na wao je, mbona walikuwa wamewasha?

"Sisi ni harusi," akasema dereva wa bibi harusi.

Mzee alimtazama mpaka yule kijana akaenda kukagua tairi.

Muda ukaenda, na mama mkwe si mtu wa kuacha mgeni anasikia njaa. Kulikuwa na ugali wa mtama na mlenda. Ukishawahi kumwona mtu anakula mlenda akiwa na shela utajua maana ya ujasiri. Mlenda ni mboga yenye mkia: unachovya tonge, unainua, ule uzi unakufuata kutoka bakulini hadi mdomoni, na hauna haraka ya kukatika. Mama mkwe alimfunga bibi harusi khanga mbili, moja kifuani, moja magotini, mpambe akashika bakuli karibu na kidevu, shangazi mmoja akasimama na kijiti cha kukata uzi kila tonge linapopita. Bibi harusi alikula matonge saba. Tangu asubuhi hakuwa ameweka kitu tumboni, wamemwambia shela litabana.

Saa tisa korongo likakubali. Noah ilinasa, ikasukumwa na wapiga tarumbeta na mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya tairi lililokuwa linazunguka, hivyo ukweni nilikaa siku mbili nimevaa shuka. Mzee alishika usukani wa gari la mbele mwenyewe. Waliondoka taa za mbele zimewaka, hakuna hazadi hata moja, na kule kwenye mbuyu nilipowasindikiza kwa mguu niliona indiketa ya kushoto ya kila gari, wazi kabisa.

Ndoa ilifungwa saa kumi na nusu. Walinitumia picha.

Mke wangu alicheka siku ya tatu. Yule bibi jirani mpaka leo akinikuta ananiuliza hali ya bi mdogo, namwambia hajambo, nimechoka kueleza. Na mama mkwe, kila Jumamosi wingu likitanda upande wa Buigiri, ananipigia simu kabla sijatoka nyumbani: "Baba, unakuja peke yako, au niinjike sufuria kubwa?"