Eti dirisha linalofaa popote!

Kuna sentensi moja kwenye matangazo ya madirisha inayonikera kuliko zote: "Yanafaa kwa hali yoyote ya hewa." Chini yake, picha ya ukuta mzima wa kioo. Paa limeishia palepale ukuta ulipoishia, kivuli hakuna, na ukitafuta sehemu inayofunguka utachoka. Popote wapi hapo? Pwani, ambako jasho halikauki na chumvi inakula chuma? Jangwani, ambako mchana kunaunguza na usiku watu wanagombania blanketi? Au kule ambako theluji hukaa miezi?

Tatizo ni kwamba mazungumzo yote yanaanzia kwenye kioo: kimoja au viwili, cheupe au cha tinti. Hapo ni mwisho wa safari, si mwanzo. Swali la kwanza ni hili: katika saa 24, dirisha hili litakuwa wazi kwa saa ngapi?

Ile namba ya U ambayo wauzaji wanaiimba inapima joto linalopenya dirisha likiwa limefungwa: wati kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje, na ikiwa ndogo ndiyo bora. Kioo kimoja ni takriban 5.8. Vioo viwili vyenye hewa katikati ni kama 2.8. Viwili vyenye mpako wa Low-E (utando mwembamba sana wa metali unaorudisha joto) na gesi ya agoni hufika 1.2 hivi, na vitatu hushuka hadi 0.8 au chini zaidi. Namba tamu kabisa. Sasa fungua dirisha. Zimeishia wapi? Hewa ya nje imeshaingia sebuleni, na ile agoni uliyoilipia imekaa ndani ya fremu yake haina kazi.

Chukua nyumba ya nchi yenye joto na unyevu, isiyo na kiyoyozi. Hewa ya ndani na ya nje zinapishana labda nyuzi 3. Zidisha 3 kwa 5.8: wati 17 kwa kila mita ya mraba ya kioo. Basi, na muuzaji wa vioo viwili anakuja kukuokolea kama 9 tu kati ya hizo. Lakini jua la saa kumi alasiri likipiga ukuta wa magharibi linaweza kumwaga wati 600 kwenye mita hiyohiyo, na kioo cheupe cha kawaida kinaingiza ndani takriban asilimia 85 ya joto lake. Dirisha la mita mbili za mraba linakuwa hita ya kilowati moja, imewashwa wakati mbaya kuliko wote wa siku. Ukiweka vioo viwili vyeupe, asilimia 85 inashuka hadi 76 hivi. Umelipa mara mbili kuzuia wati chache, na mamia yanaendelea kuingia kama kawaida.

Namba inayozungumzia jua ni nyingine. Lebo za Ulaya huiita g, za Marekani SHGC, nayo ni sehemu ya joto la jua inayopita kioo, kutoka 0 hadi 1. Kwenye joto ndiyo ya kuiangalia kwanza, na muuzaji asiyeijua namba ya g ya kioo chake anauza rangi tu.

Ila hata kabla ya g kuna kitu cha bei nafuu kuliko kioo chochote, nacho ni kivuli cha nje. Nasisitiza cha nje. Pazia ni la faragha. Jua likishapita kioo na kulipiga pazia, joto limeshaingia, na sehemu kubwa yake haitoki tena. Kivuli kinafanya kazi jua likikamatwa kabla halijagusa kioo.

Na hapa ndipo ramani inapoingia. Karibu na Ikweta, jua la adhuhuri liko karibu na utosini mwaka mzima, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzilinda. Kwenye Ikweta yenyewe, mwezi Juni na Desemba jua linapoegemea upande mmoja kabisa, adhuhuri bado liko nyuzi 66.5 juu ya upeo. Dirisha la kimo cha mita 1.2 linahitaji ukingo wa paa unaotokeza sentimita 52 tu, ukianzia usawa wa juu wa dirisha, ili kivuli cha adhuhuri kilifunike lote. Sogea hadi latitudo ya 6 na hesabu inakuwa sentimita 68. Hiyo ni paa ya kawaida tu, ile ambayo babu zetu waliijenga bila kuulizwa, na ambayo sasa inakatwa ili nyumba ifanane na boksi la kwenye picha.

Mashariki na magharibi ni habari nyingine. Jua linakuja limeinama. Likiwa nyuzi 30 juu ya upeo, dirisha hilohilo la mita 1.2 lingetaka paa litokeze zaidi ya mita 2, na likizidi kushuka hakuna paa litakaloliweza. Dawa ya kuta hizo ni vibao vya wima, milango ya mbao ya kufunika dirisha kwa nje, kibaraza kirefu, au mti. Bora zaidi, weka huko madirisha machache na madogo, na yale makubwa uyapeleke kaskazini na kusini. Uamuzi huu unafanyika kwenye karatasi ya ramani, kabla ya msingi kuchimbwa, na haugharimu kitu. Ukisubiri hadi fundi wa alumini aje kupima, umeshachelewa.

Kuhusu tinti, naomba nisemwe mkorofi. Kioo cha kijivu cha milimita 6 kinapunguza mwanga zaidi ya nusu, wakati joto la jua linashuka hadi asilimia 60 hivi. Yaani umelipa ili uwashe taa mchana. Sababu ni kwamba tinti haikatai joto, inalimeza. Kioo chenyewe kinachemka, kisha kinamwaga sehemu ya joto hilo ndani. Zaidi ya hapo, kipande kimoja kikiwa juani na kingine kivulini, kile cha juani kinatanuka na cha kivulini kinakataa, na kioo cha kawaida kinaweza kupasuka kutokea ukingoni bila kuguswa na mtu. Ukilazimika kuweka tinti kwenye jua kali, agiza kioo kilichoimarishwa kwa moto, kile kinachovunjika vipande vidogo, na kikatwe vipimo kabla ya kuimarishwa, kwa sababu baada ya hapo hakikatiki wala hakitobolewi.

Haya, nikubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Chumba cha kiyoyozi kinachofungwa usiku kucha kimehama kundi: sasa ni chumba cha dirisha lililofungwa, na vioo viwili vina hoja hapo. Lakini viwe vya Low-E ya kuzuia jua, g ya 0.30 au chini, na mpako uwe kwenye uso wa pili ukihesabu kutoka nje. Kwenye nchi ya baridi mpako huo kwa kawaida hukaa uso wa tatu, ili kioo cha ndani kirudishe joto chumbani. Watu wanafunga kioo kinyumenyume, kisha wanashangaa. Kipimo ni rahisi: washa kiberiti cha gesi mbele ya kioo gizani. Vioo viwili vina nyuso nne, utaona miali minne, na mmoja wenye rangi tofauti ndio uso wenye mpako. Unapohesabu, kumbuka umesimama upande gani, wa ndani au wa nje.

Dirisha la kukaa wazi linachaguliwa kwa jinsi linavyofunguka. La kuteleza kwenye reli, kipenzi cha mafundi wengi, linafungua nusu tu. Ukilipia mita mbili za dirisha umenunua mita moja ya upepo, ukiongeza wavu wa mbu hata hiyo moja inapungua. La bawaba za ubavuni linafungua karibu lote. La bawaba za juu linaweza kubaki wazi hata mvua ikinyesha, sifa kubwa sana kwenye nchi ambako mvua na joto huja pamoja. Na luva, zile za vipande vya kioo zilizodharauliwa hadi zikaitwa za kizamani, zinapitisha upepo kwa karibu eneo lote. Zinavuja hewa zikifungwa, kweli. Ndiyo maana ni balaa kwenye chumba cha kiyoyozi, kwenye vumbi na kwenye baridi, na ni neema kwenye joto la unyevu. Upepo pia unahitaji pa kutokea: dirisha moja kwenye ukuta mmoja, hata liwe kubwa vipi, halifanyi kazi ya mawili yanayotazamana.

Jangwani mambo yanageuka. Mchana unafunga kila kitu, usiku unafungua. Madirisha madogo, vibao vya nje, raba nzuri za kuzuia vumbi. Mchana wote nje kuna joto kuliko ndani, kwa hiyo kufungua ni kukaribisha tanuri.

Nyanda za juu za tropiki zinasahaulika sana. Usiku ni baridi, mchana kuna jua, na nyumba nyingi hazina kifaa cha kupasha joto. Hapo kioo kimoja kwenye fremu inayofunga vizuri, yenye raba nzima kuzunguka pande zote nne, kinashinda vioo viwili kwenye fremu inayopiga mluzi. Jua la asubuhi lipe dirisha la mashariki, utalishukuru. Lakini kama umeamua vioo viwili, uliza vimezibwa wapi. Kioo kilichozibwa usawa wa bahari kimebeba hewa yenye shinikizo la kilopaskali 101. Kifikishe mita 2,000, nje kuna takriban 80. Tofauti hiyo ni zaidi ya tani 2 kwa kila mita ya mraba kabla kioo hakijapinda kupunguza mzigo. Vikubwa hutuna kama shavu. Vidogo vyembamba, ambavyo haviwezi kupinda, ndivyo hupasuka au kuachia gundi ukingoni, kisha ukungu unaingia katikati na hautoki tena. Viagizwe vyenye mrija mwembamba wa kusawazisha hewa, ukijua kwamba agoni haitakaa humo, au vizibwe kwenye mwinuko uleule vitakapofungwa.

Kwenye nchi za baridi kali sina ugomvi na wauzaji. Dirisha limefungwa miezi mingi, namba ya U ndiyo mfalme, na hesabu ya umande inaonyesha sababu. Chumba cha nyuzi 20 chenye unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 9. Nje kukiwa 0, uso wa ndani wa kioo kimoja unashuka hadi 5 hivi, kwa hiyo maji yanatiririka na mbao inaoza. Vioo viwili vya kawaida vinabaki karibu na 13, na vya Low-E karibu 17. Nafasi kati ya vioo iwe milimita 12 hadi 16. Ukiizidisha sana hewa inaanza kuzunguka humo ndani na faida inakoma. Na upande unaotazama Ikweta, pale usiogope g kubwa: jua la baridi ni joto la bure. Alumini tupu hapana, inapitisha joto kuliko mbao mara elfu moja na ushee. Iwe na kipande cha poliamaidi, plastiki ngumu, kinachotenganisha nusu ya ndani na ya nje.

Fremu za pwani, kwa ufupi: chuma kisahau. Skrubu ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, na kati ya skrubu na alumini kuwe na washa (pete) ya nailoni, maana metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi moja inaliwa, na inayoliwa ni alumini. Osha fremu kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi haiondoki kwa kufutwa na kitambaa kikavu. Plastiki inafaa pwani, ila inatanuka: fremu ya mita 2 ikibadilika nyuzi 40 inaongezeka karibu milimita 6. Fundi asiyeacha nafasi ukutani atakuachia dirisha lisilofunga mchana.

Nimalizie na mvua ya upepo, kwa sababu hapo ndipo dirisha zuri linapouawa na mwenye nyumba mwenyewe. Upepo wa kilomita 80 kwa saa unasukuma kwa takriban paskali 300, nguvu inayotosha kuinua maji milimita 30. Reli ya dirisha la kuteleza yenye ukingo wa ndani wa milimita 20 itamwaga maji chumbani, si kasoro ya raba, ni hesabu. Nunua yenye ukingo mrefu zaidi. Maji yanayoingia kwenye reli hutoka kupitia matundu madogo yaliyo upande wa nje, chini ya fremu. Mpaka rangi anayaona, anadhani ni makosa ya kiwandani, anayapaka. Fundi lipu anayafunika. Yakinusurika hao wawili, mwenye nyumba anakuja na bomba la silikoni na kuyaziba moja baada ya jingine, kwa uangalifu mkubwa, ili mvua isiingie.