Seli za saratani kwenye damu: Kisumu ianzie wapi?

Likitajwa jambo la kupima saratani kwa damu, wagonjwa wa Kisumu na Kakamega huchangamka, na wana sababu. Aliyewahi kukatwa kinyama titini, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, hatamani kurudia. Na saratani ya umio, inayotusumbua sana upande huu wa nchi, humlazimu mgonjwa asiyeweza hata kumeza uji aingizwe mpira wenye kamera kooni.

Kwamba seli za uvimbe hubanduka na kuingia kwenye damu si habari mpya. Thomas Ashworth alizieleza huko Australia mwaka 1869. Taabu ni uchache wake: huenda zikawa chache tu kati ya mabilioni ya seli nyekundu. Mtambo wa CellSearch, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2004, huzinasa kwa chembe za chuma zinazoshika EpCAM, protini iliyo juu ya seli hizo, kisha sumaku huzivuta. Mwenye saratani ya matiti iliyosambaa akikutwa na seli 5 au zaidi katika mililita 7.5 za damu, hali yake kwa kawaida ni mbaya kuliko ya mwenye pungufu ya hizo.

Wanaokitetea kipimo hiki husema damu inaweza kutolewa tena na tena, na daktari akaona dawa imegoma kabla picha hazijaonyesha. Hoja nzuri, ila imeshajaribiwa. Katika utafiti wa S0500, uliochapishwa mwaka 2014, baadhi ya wanawake ambao hesabu yao ya seli hizo haikushuka baada ya duru ya kwanza ya kemo walibadilishiwa dawa mapema. Hawakuishi muda mrefu kuliko walioendelea na dawa ileile. Tatizo lilionekana mapema, lakini dawa ya pili haikuwa na nguvu ya kulitatua.

Isitoshe, baadhi ya seli hupoteza EpCAM zinapojiandaa kusafiri, zikaupita mtego. Saratani ikiwa changa, seli huwa haba mno. Kwa hiyo yeyote anayewauzia watu wazima wa afya kipimo hiki kama uchunguzi wa mapema anawapotosha.

Kwa matibabu, basi, shilingi ya kwanza iende kwenye kinyama: jibu lake litoke haraka, na kwa saratani ya matiti likiwa na vipimo vya homoni na vya protini ya HER2, maana hivyo ndivyo vinavyoamua dawa. Hapo sina shaka hata kidogo.

Kwa utafiti nasimama upande mwingine. Mtambo ule wa CellSearch uliidhinishwa kwa saratani za matiti, tezi dume na utumbo mpana. Umio wetu haumo. Tusipotoa damu yetu, vipimo vijavyo vitapimiwa miili ya wengine. Inawezekana: chupa maalumu huhifadhi seli hizo saa 96, muda wa kutosha kufika Nairobi, mradi joto libaki kati ya nyuzi 15 na 30. Mchana wa Kisumu huvuka 30 mara nyingi, kwa hiyo sanduku la kutunza ubaridi liwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Na fomu ya ridhaa imweleze mgonjwa, kwa Kiswahili au Kijaluo, damu itakayobaki itakuwa mikononi mwa nani, na kama majibu yatamrudia.