Dell ilipotoka sokoni: tatizo halikuwa giza

Mfuko wa uwekezaji binafsi ukiiondoa kampuni kwenye soko la hisa, lawama huwa ileile: wamekwenda kujificha. Hesabu za robo mwaka hazitangazwi tena na waandishi hawana pa kuchungulia. Ni kweli, ila uwazi si usimamizi. Wanahisa wakitawanyika, kila mmoja na kahisa kake, nani atambana mkurugenzi? Silver Lake, mfuko wa aina hiyo, na Michael Dell, mwanzilishi na bosi wa kampuni ya kompyuta ya Dell, walipoinunua kampuni hiyo mwaka 2013 kwa takriban dola bilioni 24.9, mezani walibaki wachache, na fedha zilizokuwa hatarini ni zao. Miaka miwili baadaye wakatangaza kuinunua EMC, kampuni ya mifumo ya kuhifadhi data, kwa dola bilioni 67 hivi. Bodi inayozomewa kila hisa ikishuka ingethubutu?

Wapinzani hutaja Toys "R" Us, maduka ya vitu vya kuchezea watoto, iliyonunuliwa mwaka 2005 kwa mikopo iliyobebeshwa kampuni yenyewe, ikafilisika mwaka 2017. Wana hoja. Lakini hiyo ni hoja dhidi ya madeni, na madeni yamezamisha pia kampuni zilizobaki sokoni.

Mimi naogopa siku ya kuuza. Mnunuzi ni bosi anayeijua kampuni kuliko wenye kuiuza. Kwa Dell kinga ziliwekwa: kamati maalumu ya bodi, na hisa za Michael mwenyewe hazikuhesabiwa kwenye kura. Blackstone, kampuni nyingine ya uwekezaji, walikuja kupima kama watoe bei yao, wakaondoka. Carl Icahn, mwekezaji mwenye hisa za Dell, akapinga kwa nguvu. Bei ya hisa moja ikapanda kutoka dola 13.65 hadi 13.75, yaani senti kumi (pamoja na gawio dogo la ziada), na kwa senti hizo kamati ikakubali kuwa asiyepiga kura asihesabiwe tena kama aliyekataa.

Mwaka 2016 mahakama ya Delaware, jimbo la Marekani ambako Dell ilisajiliwa, ikasema thamani halali ya hisa moja ilikuwa dola 17.62. Mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaitengua hukumu hiyo Desemba 2017, ikisema bei iliyopatikana kwa ushindani haikupewa uzito wake. Nadhani ilikuwa sahihi. Hata hivyo, haki ya kudai thamani halali mahakamani ilikuwa ya yule tu ambaye hakupiga kura ya "ndiyo". T. Rowe Price, kampuni ya kusimamia fedha za wateja, walipinga mauzo hadharani, lakini kura zao zilipigwa "ndiyo" kwa makosa ya mfumo wao wenyewe. Haki ikapotea, wakawalipa wateja wao takriban dola milioni 194 kutoka mfukoni. Hao ni wasimamizi wa fedha wenye wanasheria wao. Mstaafu mwenye hisa mia mbili hana wa kumfidia.