Kiazi Hakingoji: Lumbesa, Mnyauko na Nani Abebe Hasara

Kila msimu wa mavuno ya viazi mviringo unapofika, hoja moja huibuka upya Mbeya na Njombe: kwamba lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake, ndiyo inayomfukarisha mkulima, na kwamba siku itakapokomeshwa soko litakaa sawa. Hoja hiyo ina ukweli mzito. Hata hivyo, inaacha nje jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi, nalo ni nani anayebeba hasara pale zao lisiloweza kusubiri linaposafirishwa mamia ya kilometa kutoka nyanda za juu hadi Dar es Salaam.

Aliyewahi kusimama pembeni mwa barabara ya Isyonje wakati wa kupakia anajua lumbesa inavyotengenezwa. Gunia likishajaa hadi mdomoni halishonwi. Wapakiaji huongeza viazi juu yake, wakavipanga kimoja kimoja kwa mkono, kisha wakavizungushia wavu wa kamba wanaouvuta kwa sindano ndefu mpaka gunia linaota nundu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, lakini gunia la namna hiyo hufika kilo 120 au zaidi. Tuseme mkulima ameuza magunia 10 yenye kilo 130 kila moja. Ametoa kilo 1,300, na kama bei ilipangwa kwa kufikiria gunia la kilo 100, basi kilo 300 zimeondoka bure, pamoja na mbolea, dawa na vibarua vilivyoingia ndani yake.

Wafanyabiashara wana jibu, na si haki kulipuuza. Wanasema bei ya shambani hupangwa huku pande zote mbili zikilitazama gunia lilivyo, kwa hiyo likipunguzwa ujazo, bei nayo itashuka. Wanasema pia kwamba nauli ya lori, ujira wa wapakiaji na mara nyingi ushuru hutozwa kwa gunia, si kwa kilo, na anayelipa kwa gunia lazima atamani magunia machache makubwa kuliko mengi madogo. Hoja hii ya pili naikubali kabisa, kwa sababu inaonyesha kwamba lumbesa haikuzaliwa na tamaa ya dalali peke yake, bali na namna tunavyotoza gharama njia nzima. Ile ya kwanza naikubali nusu tu: mapatano ya bei yana maana pale pande zote mbili zinapojua kinachouzwa, na mkulima asiye na mizani hana njia ya kulinganisha bei ya mnunuzi wa leo na ya yule wa jana.

Mfanyabiashara naye ana hofu isiyoonekana shambani. Ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na bakteria hukaa ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Ukikikata na kukibinya, pete iliyo karibu na ganda hutoa ute mweupe mzito, usipokikata, hutajua. Viazi vya namna hiyo vikikaa siku kadhaa chini ya turubai, lori likiteremka kutoka baridi ya milima ya Uporoto hadi joto la pwani, huanza kuoza na kulowesha magunia ya jirani. Mnunuzi anayejua kwamba sehemu ya mzigo inaweza kufika soko la Mabibo, Dar es Salaam, ikiwa imeharibika huikata hasara hiyo mapema, shambani, kwa bei ndogo au kwa gunia kubwa. Chanzo cha ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa ni mbegu: wengi wetu tunauza viazi vikubwa na kurudisha vile vidogo ardhini msimu baada ya msimu, na ugonjwa unarudi navyo. Kituo cha utafiti cha Uyole kimefanya kazi kubwa ya mbegu bora, lakini mbegu safi ni ghali kwa mtu mwenye robo eka.

Wapo wanaosema dawa ni maghala. Ni kweli kwamba kiazi cha kula kikiwekwa mahali penye giza, ubaridi na hewa hudumu kwa muda mrefu zaidi, na usiku wa Makete au Kitulo unatoa ubaridi huo bila umeme. Kikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa kichungu. Lakini ghala la pamoja halimsaidii mwenye deni la pembejeo linalotakiwa mwezi huu, na wote wakihifadhi kisha wakauza kwa pamoja, watakutana sokoni na mavuno ya vinyungu, yaani mashamba ya mabondeni yanayolimwa kiangazi.

Mpaka ni hatari nyingine, ingawa huja mara chache. Aprili 2025, Tanzania ilisitisha kuingiza mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini ikijibu vikwazo vya nchi hizo, kisha baada ya muda mfupi ikaondoa zuio hilo. Katika mvutano wa namna hiyo mwenye mahindi anaweza kurudisha mzigo ghalani akangoja. Viazi vikikwama mpakani Tunduma wiki moja, mwenye mzigo hana cha kurudisha.

Kwa hiyo siungi mkono msako wa lumbesa barabarani, ambapo dereva hutozwa faini na faini hiyo ikarudi kwa mkulima kupitia bei ya safari inayofuata. Ningeanzia kwenye kituo cha kukusanyia viazi kijijini: mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ushuru wa halmashauri na ujira wa kupakia vikihesabiwa kwa kilo, na viazi vichache vya kila shamba vikikatwa mbele ya pande zote mbili kabla ya bei kutajwa. Mkulima ambaye viazi vyake vimetoka safi hapo atakuwa na sababu ya kudai bei ya juu, na gharama ya mbegu safi itakuwa na mahali pa kurudi.